Barua ya Wazi: Mtoto Mgonjwa wa Kisangani na Saa ya Kumwona Daktari

Kwa Mkuu wa Divisheni ya Afya ya Jimbo la Tshopo, na kwa madaktari wakuu wa zoni za afya za Makiso-Kisangani, Kabondo, Mangobo, Tshopo na Lubunga

Homa ndiyo inayowatoa watoto wengi nyumbani kwenda kutafuta dawa mjini Kisangani, na jina la kwanza inalopewa ni malaria. Mara nyingi jina hilo ni sahihi. Mji umekaa karibu kabisa na ikweta, mbu wapo mwaka mzima, na Kongo ni nchi ya pili duniani, baada ya Nigeria, kwa wingi wa wagonjwa wa malaria. Matatizo huanza pale jina linapotolewa bila kipimo. Tone la damu ya kidoleni kwenye kipimo cha haraka hutoa jibu ndani ya dakika 15 hadi 20. Mtoto mwenye malaria isiyo kali hupewa dawa mseto yenye artemisinini kwa siku 3, na asiye nayo hutafutiwa chanzo kingine cha homa. Farmasi za mitaani huuza dawa bila kipimo, na mara nyingi huiuza nusu. Mzazi ananunua vidonge vinavyolingana na faranga alizo nazo, homa inashuka kwa paracetamol, siku 2 zinapita, na siku 2 hizo zinaitosha malaria kumfikisha mtoto wa miaka 3 kwenye kupoteza fahamu.

Mpaka kati ya homa ya kutibiwa kwenye kituo cha afya na homa ya hospitali umekwisha kuchorwa zamani. Umo katika PCIME, utaratibu wa kutibu magonjwa ya watoto wa chini ya miaka 5 uliotungwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF katika miaka ya 1990, na wauguzi wa Kongo hufundishwa huo. Mtoto asiyeweza kunywa wala kunyonya. Anayetapika kila anachopewa. Aliyepata degedege katika ugonjwa huo. Aliyelegea mno au haamki anapoamshwa. Dalili moja kati ya hizi inatosha kumpeleka hospitali, hata kama kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, hata kama homa imeshuka. Kwa mtoto wa chini ya miezi 3 orodha yenyewe haina haja ya kusomwa: homa peke yake ni hatari, na anapaswa kuonwa na daktari siku ileile. Mwongozo huo uko kwa Kifaransa na unakaa mezani kwa mwuguzi. Mama anayetakiwa kuamua saa 8 ya usiku huko Mangobo anaongea Kiswahili au Lingala, na hana mwongozo wowote. Kasoro hii inaweza kurekebishwa na Divisheni bila kungoja mfadhili, kwa sababu kila mtoto anayepelekwa kliniki ya CPS kupimwa kilo hurudi na fishi yake nyumbani. Nyuma ya fishi hiyo pana nafasi ya kutosha kuandika mistari 4 kwa lugha mbili za mji.

Degedege inastahili maneno zaidi, maana hakuna dalili inayowapotosha watu kama hii. Katika nchi zisizo na malaria, mtoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5 anayetetemeka mara moja kwa sababu ya homa, kwa dakika chache, kisha akaamka na kucheza, huhesabiwa kuwa hana ugonjwa mkubwa. Kisangani hesabu hiyo haifai. Degedege yenye homa inaweza kuwa malaria iliyopanda kichwani, inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo, na hakuna wa kuzitofautisha kwa macho. Wakati inatokea, mtoto alazwe ubavu, nguo zilegezwe, na asitiwe kitu chochote mdomoni: si kijiko, si mafuta ya mawese, si dawa. Kisha apelekwe hospitali. Familia nyingi humpeleka kwanza kwenye chumba cha maombi au kwa mganga wa mimea, na madaktari huwalaumu kwa hilo, lawama ambayo haijawahi kubadilisha njia ya mtu yeyote. Wachungaji wa Kisangani wanaweza kufundishwa dalili zile nne katika asubuhi moja. Kuombea mtoto akiwa juu ya pikipiki kuelekea hospitali hakujawahi kukatazwa na kanisa lolote.

Jimbo lenyewe lina mfano wa gharama ya homa isiyopata jina. Mwaka 2021, katika zoni ya afya ya Banalia, kaskazini ya Kisangani kwenye mto Aruwimi, watu walianza kufa mwezi wa Juni kwa homa kali, kuumwa kichwa na shingo kukakamaa. Serikali ilitangaza mlipuko wa homa ya uti wa mgongo mwezi wa Septemba, baada ya sampuli kuchunguzwa katika Institut Pasteur ya Paris na kukutwa bakteria ya meningokoki ya kundi W. Wakati wa tangazo hilo walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 261 na vifo 129, karibu nusu. Hadi mwisho wa mlipuko wagonjwa walioshukiwa walifika 2,662 na vifo 205. Sehemu ya tofauti hiyo ya kiwango cha vifo inatokana na wagonjwa wepesi kuanza kuhesabiwa. Lakini sehemu yake nyingine ni antibiotiki ya ceftriaxone iliyofika vijijini na kutolewa mapema. Kwa mtoto mchanga shingo hukakamaa kwa kuchelewa au haikakamai kabisa. Kwake dalili ni utosi uliovimba, kilio kisichobembelezeka anaponyanyuliwa, na kukataa titi.

Baada ya homa unafuata upungufu wa damu. Mzazi anaweza kuupima kwa kulinganisha kiganja cha mtoto na cha mtu mzima mwenye afya: kiganja kilichofifia ni cha kituo cha afya, kiganja cheupe ni cha hospitali, hasa mtoto akihema kwa shida. Malaria huvunja chembe nyekundu, minyoo ya safura hunyonya, chakula kisicho na madini ya chuma hakirudishi kilichopotea. Mtoto wa namna hii huweza kufa wakati damu inatafutwa. Hospitali isiyo na akiba huwategemea ndugu watoe damu papo hapo, na damu hiyo inapaswa kwanza kupimwa Ukimwi, homa za ini B na C, na kaswende. Kila saa inayotumika kutafuta ndugu wa kundi linalolingana inatoka katika maisha ya mtoto, kwa hiyo mahali sahihi pa kuokoa muda ni nyumbani, siku 2 kabla.

Hapo Kisangani pana jambo kubwa zaidi, nalo ni drepanositozi (selimundu), ugonjwa ambao mji mzima unauita SS. Uchunguzi wa watoto wachanga wa Kisangani uliochapishwa mwaka 2010 ulikuta karibu mmoja kwa kila mia amezaliwa nao, na kwamba karibu robo wanabeba chembe ya urithi wake bila kuugua. Yaani wodi ya wazazi yenye shughuli nyingi huweza kupokea mtoto wa SS kila baada ya wiki chache bila kumtambua, kwa kuwa miezi ya mwanzo hufichwa na himoglobini aliyokuja nayo kutoka tumboni. Karibu na mwezi wa 6 vidole vya mikono na nyayo huvimba na kuuma, macho hugeuka manjano, wengu hukua. Familia hupita farmasi kwa farmasi ikitibu malaria isiyokwisha. Mbaya zaidi, hutafutwa mchawi, na mara nyingi hupatikana: bibi mzaa baba, mke mwenza, au mtoto mwenyewe. Ndoa zimevunjika kwa ugonjwa ambao baba na mama wameuleta pamoja, nusu kwa nusu.

Mtoto wa SS ana kanuni zake za kumwona daktari, na ni kali kuliko za wengine. Homa ya nyuzi 38.5 kwake ni dharura hata akiwa anacheza, kwa sababu wengu wake haumkingi tena dhidi ya pneumokoki. Kuwa mweupe ghafla na tumbo kuvimba upande wa kushoto ni dharura ya saa, si ya siku. Maumivu ya kifua pamoja na kuhema, mdomo kwenda upande, mkono au mguu kukosa nguvu, uume kusimama na kuuma kwa saa nyingi: yote hayo ni ya hospitali usiku huohuo. Nje ya dharura, anahitaji penisilini kila siku hadi miaka 5, asidi ya foliki, chanjo zote, chandarua, maji mengi, na kuonwa na daktari wa watoto kwa tarehe zilizopangwa hata akiwa mzima. Dawa ya hidroksiurea ilijaribiwa kwa watoto wa Kinshasa, Luanda, Kilifi na Mbale, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha maumivu, malaria, kuongezewa damu na vifo vikipungua. Kwa hiyo hoja ya kwamba tiba hii ni ya Ulaya haina tena pa kusimama. Kinachopungua Kisangani ni mahali pa kuanzia: kipimo cha tone la kisigino kwa kila mtoto anayezaliwa katika mji huu. Kitivo cha Tiba cha Chuo Kikuu cha Kisangani kimeuchunguza ugonjwa huu kwa miaka. Kipimo cha utafiti kiwe huduma ya kawaida ya wodi ya wazazi. Kati ya yote yanayopelekwa mbele ya Divisheni katika barua hii, hili ndilo lisilofaa kungoja.

Kikohozi ni jambo jepesi hadi kinapoacha kuwa jepesi. Mafua ya pua inayochuruzika, na mtoto anakula na kucheza, hayahitaji daktari wala antibiotiki. Yanahitaji maziwa ya mama, vinywaji vya uvuguvugu na subira ya wiki moja au mbili. Nimonia hutambulika kwa kuhesabu pumzi, na chombo chake ni simu yenye saa. Mtoto akiwa ametulia au amelala, tumbo linahesabiwa likipanda kwa dakika 1 kamili: 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi 2, 50 au zaidi kutoka miezi 2 hadi mwaka, 40 au zaidi hadi miaka 5, ni haraka mno. Aliyefikia kipimo hicho akiwa na miezi 2 au zaidi anapelekwa kituo cha afya siku hiyo, apewe amoksisilini; wa chini ya hapo anapelekwa hospitali. Mbavu za chini zikizama anapovuta pumzi, koo likilia kwa sauti mbaya akiwa ametulia, au midomo ikigeuka buluu, ni hospitali yenye oksijeni. Kikohozi cha zaidi ya wiki 2, hasa nyumba ikiwa na mtu mzima anayekohoa, kinadai uchunguzi wa kifua kikuu.

Kuhara ni ugonjwa wa maji, na Kisangani ina maji kila upande isipokuwa kwenye bomba. Mlipuko wa kipindupindu wa mwaka 2011 ulianzia katika mji huu na kushuka na boti kwa mto Kongo hadi Mbandaka na Kinshasa. Dawa inajulikana na ni rahisi: SRO, paketi ya chumvi na sukari inayokorogwa katika lita 1 ya maji safi, ikitolewa kijiko kwa kijiko baada ya kila choo, pamoja na zinki kwa siku 10 hadi 14 na titi lisilokatizwa. Sharubati ya Flagyl, inayonunuliwa karibu kila mara mtoto anapoharisha, haina kazi kwa kuhara kwa kawaida. Enema ya mimea kwa kutumia pampu ya mpira iitwayo poire ni mbaya zaidi, kwa kuwa humwondolea maji mtoto ambaye tayari anakauka, na wakati mwingine humtia sumu. Mpaka wa kumwona daktari uko kwenye macho yaliyoingia ndani, ngozi ya tumbo inayokawia kurudi ikifinywa, kutokukojoa kwa saa 6, damu kwenye choo, au kuhara kunakopita siku 14. Choo cheupe kama maji ya mchele hakingojei dalili nyingine.

Mtoto mchanga ana sheria yake kwa siku 28 za kwanza. Huonyesha dalili chache, na hubadilika haraka. Aliyekuwa ananyonya akaacha, mwili wa moto kupita nyuzi 37.5 au wa baridi chini ya 35.5, kitovu chenye wekundu uliosambaa kwenye ngozi, umanjano uliotokea siku ya kwanza au uliofika viganjani na nyayoni: daktari, mara moja. Jua la asubuhi halitibu umanjano mkali. Unatibiwa kwa taa ya buluu, na taa inahitaji umeme, jambo ambalo wakazi wa mji wenye bwawa la Tshopo na mgao wa kila siku hawahitaji kuelezwa. Majivu na dawa ya meno havina kazi juu ya kitovu.

Utapiamlo huwa hauletwi kama ugonjwa. Mama humleta mtoto kwa kuhara au kikohozi, na mwuguzi mwenye haraka huandika kuhara au kikohozi. Lituma ya ndizi inashibisha, muhogo unashibisha, na mtoto wa miaka 2 anaweza kushiba kila siku huku mwili ukikosa protini. Samaki wa Wagenya, karanga, viwavi, maharagwe na mayai vipo sokoni. Mara nyingi sahani ya mtoto ndiyo ya mwisho kupata kipande. Utepe wa rangi tatu unaofungwa mkononi humaliza mabishano kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5: chini ya milimita 115 ni utapiamlo mkali, kati ya 115 na 125 ni wa wastani. Miguu yote miwili ikivimba na shimo likabaki inapobonyezwa, ni utapiamlo mkali bila kujali utepe unasema nini, na nywele kuwa nyekundu si uzuri wa mtoto. Asiye na hamu ya kula au mwenye dalili nyingine ya hatari analazwa. Wengine hutibiwa nyumbani kwa chakula cha tiba cha karanga. Tangu mgogoro wa jamii za Wambole na Walengola ulipoanza mwaka 2023, familia zilizokimbia Lubunga zimeishi kwa msongamano ng'ambo ya pili, na ni kwao utepe unapaswa kufika kwanza.

Mengine yanaweza kusemwa kwa ufupi. Upele wa kawaida na minyoo humalizwa na mwuguzi. Surua, ambayo katika mlipuko uliotangazwa 2019 iliua zaidi ya watu 6,000 Kongo, wengi wao watoto, huleta homa, macho mekundu na vipele vinavyoanza usoni. Mtoto huyo hupewa vitamini A na kuangaliwa mapafu. Vipele vyenye usaha vilivyofika hata viganjani, pamoja na tezi zilizovimba, ni vya kushuku mpox, na Tshopo ni kati ya majimbo ambayo ugonjwa huo hauondoki. Mguu uliolegea ghafla unatolewa taarifa siku hiyohiyo kwa ajili ya polio. Kama ulilegea baada ya sindano ya kwinini iliyochomwa takoni, hiyo pia iandikwe, maana neva iliyojeruhiwa kwa sindano huanza kutibiwa kwa kutambuliwa. Taya linalovimba kwa wiki chache na mboni inayong'aa nyeupe kwenye picha ya simu vinaweza kuwa saratani, na saratani hizo mbili zinatibika zikiwahiwa.

Katika haya yote, daktari bingwa wa watoto si mlango wa kwanza, na haifai awe. Mabingwa ni wachache, na wako kwenye Kliniki za Chuo Kikuu na hospitali kubwa za upande wa kulia wa mto. Akijazwa mafua, mwenye ugonjwa wa moyo hatamfikia. Wanaomhitaji yeye hasa ni watoto wa SS, wenye kifafa, waliobaki nyuma ya wenzao katika kukaa, kutembea au kusema, wanaochoka au kubadilika rangi wakinyonya, waliozaliwa kabla ya wakati, wasioongezeka kilo kwa miezi 2 mfululizo bila sababu, na wale waliotibiwa mara mbili kwa jambo lilelile wasipone. Wengine ni wa mwuguzi wa kituo cha afya, mradi ajue saa ya kuandika rufaa.

Na rufaa ndipo Kisangani inapopasuka vipande viwili. Mto Kongo hauna daraja hapa. Mtoto wa Lubunga aliyepoteza fahamu usiku, hali yake ikiipita hospitali ya komini yake, anangoja mtumbwi, kisha toleka (baiskeli ya abiria) au pikipiki ng'ambo, kisha, mara nyingi, kaunta ya malipo. Artesunate ya kuingizwa njia ya haja kubwa ilitengenezwa kwa safari kama hiyo, kwa watoto wa chini ya miaka 6. Hata hivyo, pale iliposambazwa Kongo, Uganda na Nigeria kati ya 2018 na 2020, ilionekana kwamba haiokoi maisha ya mtoto asiyefikishwa hospitali na kumaliza matibabu huko. Dawa bila mtumbwi ni nusu ya kazi. Kinachoombwa kwa Divisheni ni mtumbwi wa injini wenye zamu ya usiku kwenye kivuko cha Lubunga. Agizo la maandishi kwa kila hospitali kwamba mwenye dalili ya hatari anatibiwa kwanza na hesabu inafuata asubuhi, pamoja na fungu la kuilipa hospitali pale familia inaposhindwa. Na karatasi moja ya rufaa kwa zoni zote 5, yenye saa aliyoondoka mtoto, kilo zake, dawa aliyokwisha kupewa na kiasi chake, na namba ya simu ya mwuguzi aliyemtuma, ili daktari wa upande wa pili ampigie na kumweleza mgonjwa alivyofika.